Nywele za Kupandia Kundelungu

...na katikati je, ananiuliza yaya Ngalula, “za kulala ao za kusimama?”, na mimi nimeketi chini kwenye mkeka, kichwa kimebanwa kati ya magoti yake, siwezi kugeuka nimwone uso, na afadhali, kwa sababu siku nyingine swali hili lisingekuwa na uzito wowote, ameshamaliza pande zote mbili, sikio la kushoto linawaka moto, imebaki katikati tu, pale mwanamke anapoweka kata ya nguo na juu ya kata anatua mzigo, na hapa mtaani Katuba hakuna asiyejua kwamba anayesimamisha nywele zake kwa uzi mweusi, zile za kutamba nazo kanisani, hana safari ya kubeba kitu, na anayezilaza katikati ana safari, kwa hiyo nikisema zilale nitakuwa nimesema yote, kwamba kesho alfajiri naondoka, kwamba naupanda mlima Kundelungu kwa miguu yangu, kwamba nimekuja kusukwa kwa ajili hiyo na wala si kwa ajili ya ubatizo upande wa mume wangu kama nilivyomdanganya mlangoni... ubatizo gani, mtoto mwenyewe ameshaota meno. “Unalala?” “Silale, yaya.” “Basi jibia.” “Niko nafikiri.” “Eh! Nywele nayo banafikiriaka?” na kitana kinanigonga utosini, si kwa hasira, anacheka, leo amekuwa wa kuchekacheka tangu asubuhi na sijui ameokota nini, maana si kawaida yake siku hizi, namwita yaya, dada mkubwa, lakini Ngalula si dada yangu wa tumbo moja, ni jirani, ukuta wa jikoni kwake ndio ukuta wa chumba changu, lakini tangu treni za ONU, za Umoja wa Mataifa, zilipowachukua ndugu zake wote kuwarudisha kwao Kasai, na yeye akabaki kwa sababu bwana yake Bwalya ni mtu wa hapa, mimi ndiye mdogo wake, hana mwingine, na neno kuondoka ukilitaja mbele yake mikono inasimama kwenye kazi, hata kama kazi yenyewe ni kuchambua mboga. Ndiyo sababu sijamwambia. Au nimeogopa atanikataza na mimi nitamtii.

Basi ngoja kidogo, ngoja nifikiri, amepaka mafuta, anatafuta uzi kwenye kikapu, nina muda... unga nimeshatia, chumvi, karanga, blanketi, kiberiti nimekifunga kwenye mpira, sweta ya mume wangu Faustin ambayo mikono yake inanipita vidole, vyote viko ndani ya ule mfuko wa turubai wenye mikanda ya ngozi alioniachia madame niliyekuwa namfulia kule kwa Wazungu, siku walipokimbia na gari lao kupitia mpakani Mokambo, akaniambia chukua Mwaba, sisi milima imekwisha, yeye na bwana yake kila kiangazi walikuwa wanakwenda kupanda milima, wanarudi wamechubuka pua na magoti, nafua soksi zimejaa mbegu za majani nisiyoyajua, nazitoa moja moja na kuziangalia, nyingine zina ndoano ndogo mwisho, nyingine zina manyoya, nikawa najiuliza mtu mwenye gari na kitanda kizuri anakwenda kutafuta nini mahali pa kuchubuka magoti, sikupata jibu, na kumuuliza nilishindwa. Juzi nikafunga mlango, nikauvaa mfuko mbele ya kioo, nikacheka peke yangu, halafu nikaona aibu, mgongo ni wa mtoto, na mgongo wangu mimi haujawahi kubeba mtoto, Mungu hakutoa, nimeshalia juu ya hilo na nimeshaacha kulia, lakini mfuko ulikaa vizuri, hilo ndilo lililonishangaza, mikanda ikashika mabega, mikono ikabaki mitupu, nikatembea kutoka kitandani hadi dirishani na kurudi, mikono inaning'inia haina kazi, nikaona raha ya ajabu.

Mama mdogo Chanda ndiye aliyesema hivyo, kwamba kwenye mawe mzigo ukae mgongoni, mikono iwe huru kushika mizizi, na ukifika juu kwenye tambarare uuhamishe kichwani, mabega yapumzike, ndiyo sababu ya nywele kulala, yaya Ngalula, laiti ungejua ninavyoijua sababu... mama mdogo ni mdogo wa marehemu mama yangu, anauza samaki wa kukaushwa, na tangu barabara ya kwenda Kilwa, Kilwa yetu ya huku ziwani, ilipofungwa mbele ya Kasomeno, daraja limevunjika na askari wameweka kizuizi, mume wangu na lori lake wakakwama upande wa pili, yeye na wanawake wenzake wanapita juu, wanatoka upande wa Luapula na samaki zao, wanapanda, wanavuka mlima mzima, wanateremka upande wa Lufira na kudandia lori la mkaa mpaka hapa mjini, na kesho wanarudi. Aliingia kwangu Jumatatu ananuka moshi na samaki, akakaa, akala ugali wote, bukari yote iliyokuwepo, akasema, “Bwana yako nilimuona ku Kilwa, eko muzima, ananenepa hata.” Ananenepa! Miezi yote hii nalala na kisu chini ya mto kwa ajili ya kumuwazia risasi na vizuizi, yeye ananenepa. Halafu akasema, “Kama unamutaka bwana, tupande pamoja,” na nikamwambia nakuja, nikamwambia haraka mno, hata hakuwa amemaliza kutafuna.

“Nilaze ao nisimamishe, Mwaba, jua iko inaenda.” “Kidogo, yaya.” Jua liko palepale, baridi ya Julai imekaa uani hata saa hizi, mbabula ya mkaa iko karibu na miguu yangu na bado vidole vimeganda, na kama hapa ni hivi kule juu itakuwaje, mama alikuwa anasema kule juu baridi inauma meno, si midomo, meno, na mimi mtoto nafungua kinywa mbele ya upepo kujaribu, alizaliwa kule mama, akateremshwa alipoolewa na hakupanda tena, akawa anatutolea habari zake kidogokidogo, na kila mara alizipunguzia kitu au akaongeza, kwamba hakuna miti, nyasi tu mpaka macho yachoke, kwamba mtu akija unamwona tangu asubuhi na anafika jioni, una muda wa kumpikia, kwamba kuna pundamilia, na kuna mto Lofoi unaofika ukingoni na kujitupa, na kiangazi maji yakipungua yanatoka juu lakini hayafiki chini, yanageuka moshi hewani. Sasa hiyo mimi siielewi mpaka leo. Maji yaliyotoka yanakosaje kufika? Yanakwenda wapi? Ukisimama chini unalowa au hulowi? Niliuliza mpaka nikafukuzwa jikoni. Nikaolewa na dereva, nikasema Mungu amenipa mtu wa kuniletea majibu, maana Faustin na lori lake la mizigo anapita chini ya mlima huohuo, wakati wa kwenda Kilwa uko mkono wake wa kushoto, wakati wa kurudi uko wa kulia, miaka na miaka, namuuliza akirudi, juu kuna kijani? kuna moshi? uliona ukingo? na yeye anavua viatu, “Mwaba, ni mulima tu,” na nikimkazania, “Mi naangaliaka barabara,” na kwa haki ya Mungu dereva huangalia barabara, sitaki aangalie milima akaanguka na lori, lakini hata kusimama mara moja kukojoa? Hata siku hiyo moja hukuinua macho, Faustin?

Ndege ya ONU inapita, imetoka uwanja wa Luano, inapita chini kabisa mpaka sufuria zinatetemeka, watoto wa jirani wanaipungia mikono, yaya Ngalula haiinulii kichwa, anangoja ipite kama mtu anavyongoja mlevi amalize kusema, halafu anashika tena nywele zangu na kuzigawa kwa kitana, naogopa pia, sikatai, usiku nahesabu chui na mawe na askari wasio na mshahara, na mama mdogo anatembea kama swala na mimi nimezoea njia ya sokoni tu, lakini hofu yenyewe ina kitu ndani yake kinachonichekesha tumbo, nalala nayo, naamka nayo, inaniuliza maswali. “Mwaba.” “Abee.” “Niliwaza nikuambie mwisho, ili usikie muzuri na kichwa ikishaisha, lakini wee unanichelewesha,” na sauti yake inapanda, ndicho kicheko cha tangu asubuhi hiki, kumbe na yeye alikuwa na siri, “Bwalya alileta habari ya ku garage, pont ya kule iko tayari, na barrière banatosha, bacamion yote iliyobakia ku Kilwa inafika huku dimanche. Bwana yako anakuya, mudogo yangu! Dimanche!” daraja limepona, kizuizi kimeondolewa, malori Jumapili, vyote kwa pumzi moja, na ananipiga begani na kunitikisa, “Sasa usiniambie za kulala, mi nakusimamishia, akukute muzuri, asahau ile batu ya kule,” na tayari nasikia uzi unakatwa kwa meno juu ya kichwa changu.

Piga kigelegele Mwaba, piga, mumeo anarudi mzima tena mnene, sema asante yaya, sema Mungu mkubwa, na nasema, nasikia kinywa changu kinasema Mungu mkubwa, lakini kinachopanda ndani yangu si furaha, ni... nimekasirika. Nimelikasirikia daraja. Mwanamke gani analikasirikia daraja kwa kutengenezwa? Lingengoja wiki moja tu, wiki mbili, wanaume wangelala wasishike nyundo, ningekuwa nimeshapita, ningekuwa juu, sasa sina sababu, sababu yangu imepanda lori na inakuja nyumbani kula bukari na kuvua viatu... na hapo ndipo ninapojishika, nimejishika kama mtu anavyomshika mwizi kwenye kuku zake, kwamba ilikuwa sababu, kumbe Faustin alikuwa sababu tu, tangu Jumatatu najiambia nakwenda kumfuata mume na watu wote wangeniambia vema, mke mwema huyo, na hata mara moja usiku sikumwota yeye, niliota nyasi. Nampenda. Nataka aje, nataka aje hata leo, na nataka kwenda, na siwezi vyote, mama mdogo akipita kesho hapiti tena mpaka mvua zije na kuisha, na barabara ikifunguka huenda asipite juu tena maisha yake yote, nani atapanda mawe na samaki mgongoni wakati lori lipo, na mvua zikiisha nchi hii itakuwa ya nani, leo, jimbo letu limejitenga, tuna pesa zenye misalaba midogo na bendera ya kwetu, mwaka ujao hata hatujui tutapita wapi na kwa karatasi ya nani. Nikienda, Jumapili atakuta mlango umefungwa. Atauliza. Watamwambia amepanda mlima, na watacheka, na yeye si mtu wa kuchekwa, anaweza kukasirika akageuza lori, anaweza kurudi huko kwa watu wanaomnenepesha, hilo linaweza kutokea, nalijua, linaniuma hapa, na nikibaki atanikuta mlangoni na nywele zimesimama, nitampokea viatu, nitamuuliza juu kulikuwaje, na hata yeye hakupita juu.

Anagawa nywele za katikati. Anashika fungu la kwanza, anazungusha uzi mara moja. “Yaya,” nasema. “Mm.” “Hizo za katikati uzilaze.” Uzi unasimama. Nilijua mikono itasimama, na imesimama, yote miwili, juu ya kichwa changu, mizito na ina joto. “Juu ya nini?” anauliza polepole, “safari gani?” Na mimi ninaangalia vidole vyangu vya miguu na kumwambia, mlima Kundelungu, kesho, na mama mdogo Chanda, kwa miguu, na kwamba nitarudi, yaya, nitarudi huku, sivyo kama wale wa treni. Magoti yake yamenibana mabega. “Na bwana eko anakuya?” “Akuye. Ufunguo nitakuachia wewe, umupikie.” “Mwaba... na kule kuko nini?” na nafungua kinywa nimjibu, kuna nyasi, kuna maji, kuna kwao mama, na hakuna hata neno moja kati ya hayo ambalo ni langu, yote nimepewa, na naona ajabu jinsi nilivyo mwepesi. “Sijue, yaya,” namwambia, na ninatabasamu mahali asipoweza kuniona, “sijue hata kidogo.”