Kinga ya Martina

Kila asubuhi Mektilda alikata jani la mgomba, akalibabua motoni mpaka likalainika, akalipaka mafuta kidogo na kulitandika kitandani. Mjukuu wake Martina alilalia hilo, maana shuka lilinata likaondoka na ngozi.

Malengelenge yalimwanzia mdomoni, kule machimboni alikokuwa akiosha mchanga wa dhahabu. Yakashuka kifuani, mgongoni, mapajani. Daktari mjini Geita akaeleza kuwa kinga ya mwili wake imemgeuka, inaishambulia ngozi yake mwenyewe. Akampa vidonge vyeupe vya kuipunguza, akaonya visikatishwe.

Kupunguza kinga! Neno hilo Mektilda alirudi nalo nyumbani Ushirombo likimchoma. Wanawe wawili, Ngusa na baba yake Martina, aliwazika kwa ukimwi, enzi ambazo kila mkutano wa kijiji ulihimiza jambo moja: pandisheni kinga. Alisaga mlonge, akawapikia dagaa na uji wa karanga, wakafa hivyo hivyo. Leo aishushe kwa mkono wake?

Vidonge akavificha chini ya kopo la chumvi. Martina akawa anakorogewa mlonge kwenye uji.

"Bibi, na vile vidonge?"

"Dawa ndiyo hii. Kunywa."

"Unanilisha majani kama mbuzi wa Noeli."

Wakacheka wote. Hawakucheka tena.

Nesi Justa wa zahanati alipopita kumjulia hali, mgongo mzima wa Martina ulikuwa nyama mbichi, na homa ikimtetemesha.

"Shikamoo bibi. Vidonge anameza?"

"Marahaba. Nilikuwa nampandishia kinga, mwanangu."

Justa alilitazama bakuli la uji, lina rangi ya kijani mpaka ukingoni.

"Bibi, hiyo kinga ndiyo inayomchuna. Wale wanao uliowazika, iliwaishia. Huyu anayo tele, ila haimjui tena."

Mektilda akaenda jikoni, akarudi na vidonge.

"Nimpe sasa? Nimpe vyote?"

"Hata mate hamezi, bibi. Natafuta gari. Lakini uketi naye karibu."

Justa akatoka mbio. Mektilda alikata jani jingine, akalibabua taratibu, akalipaka mafuta. Akaliweka kando ya kitanda, akainama amgeuze mjukuu wake. Mikono ikabaki hewani. Hakuona pa kumshika.