Nusu ya Dirisha

Kabla hakujapambazuka, kiatu kimoja kiliwekwa chini nje ya mlango, taratibu, kisha cha pili. Mshonaji akatabasamu gizani. Mumewe, mwokaji mikate, amerudi kutoka kazini.

"Niko macho. Acha kunyata kama mwizi."

"Mwizi gani anakuletea mkate wa moto, mke wangu?"

Chumba chao kilikuwa kimoja: kitanda chini ya dirisha, meza ya cherehani ukuta wa mbali. Jua likichomoza, mwokaji alijifunika taulo usoni. Mshonaji naye alishusha pazia zito, akakokota cherehani hadi barazani. "Nje kuna hewa nzuri," alisema kila siku. Uongo mtupu. Upepo ulimrushia vitambaa, na mvua ikinyesha hakushona kabisa.

Asubuhi hiyo alikuja Mama Randa, fundi seremala, na sampuli mbili za mbao za kufunga dirisha kwa ndani. Moja ilikuwa ubao mzima, nyingine ya vipande vya kulaza na kusimamisha. Mwokaji alikuwa amelala fofofo.

"Nipe mzima, dirisha lote," alinong'ona mshonaji. "Giza totoro, alale kama mtoto."

"Na wewe utashonea wapi, dada?"

"Barazani. Nimeshazoea." Lakini jicho lilimponyoka hadi kwenye ile meza tupu.

Mama Randa aliliona. "Sasa nisikilize. Jana mumeo kapita karakana. Kaniambia, 'Weka chochote, mradi mke wangu arudi ndani. Mimi taulo linanitosha.' Nyinyi wawili mtanitia wazimu! Kila mtu ananiagizia dirisha la mwenzake!"

Mshonaji akaziba mdomo kwa kanga, akicheka na machozi yakimlengalenga.

"Ningejilaza nipime jua linapompiga, ila mto mmoja na mume wa mtu, majirani watapata la kusema." Mama Randa akapiga magoti, akaegemeza shavu ukingoni mwa kitanda. "Fungua pazia. Shika hilo boksi la kadibodi hapo ukutani, lizibe dirisha toka chini. Pandisha. Tena. Hapo hapo! Jua limenitoka machoni."

Boksi lilikuwa limepita katikati ya dirisha kidogo tu. Mwanga wa juu ulivuka kitanda, ukaenda kutua mezani.

Wakachagua mbao za nusu dirisha, zenye vipande vya kulaza ili hewa ipite.

Wiki iliyofuata Mama Randa alizifunga mwokaji akiwa usingizini. Nyundo hakuigusa. Alitumia bisibisi, na kila skrubu aliipaka sabuni kwanza isilie. Alipomaliza, mshonaji alirudisha cherehani ndani, akakaa, asithubutu kukanyaga.

"Shona, dada."

"Itamwamsha."

"Jaribu."

Akakanyaga. Cherehani ikanguruma. Mwokaji akageuka, na mshonaji akaacha mara moja.

"Mbona umenyamaza?" sauti nzito ya usingizi ikauliza kutoka kitandani. "Endelea. Ukiwa barazani silali vizuri. Sikusikii."

Mshonaji akainamia kitambaa chake cheupe kilichojaa mwanga, akashona moja kwa moja hadi mwisho wa pindo.

Mama Randa alikusanya vifaa vyake kwa ncha za vidole. Alipofika mlangoni, mkono ukainuka toka chini ya shuka.

"Mama Randa, uje tena. Ila uje jioni, unikute niko macho."