Mlima Uliokuwa Upande wa Kulia

Katika ofisi ile ya utalii kanuni ilikuwa moja, na kila aliyeajiriwa aliijua tangu siku ya kwanza: mtu hasimulii mahali ambapo mguu wake haujafika. Aliyeivunja alipanda hadi mahali hapo pamoja na wapagazi, mzigo mgongoni, pasipo kutamka neno, mpaka mkuu wa wapagazi aseme yatosha. Aliyeiweka kanuni hiyo alikuwa mwenye ofisi, mjomba wa mwanamke ambaye wenzake walimwita Redio, kwa jinsi alivyokuwa hanyamazi.

Redio aliongoza watalii mijini. Jiji la bandarini alilijua mpaka ngazi iliyolegea katika mnara wa saa, na mji mkuu aliusimulia mtaa kwa mtaa hata madereva wa teksi wakazima injini wapate kumsikia. Lakini alichokitamani ni Safari Kuu, ile iliyoanzia bandarini, ikapita mji mkuu, ikaenda kwenye mlima mrefu kuliko yote nchini, na kuishia kwenye maporomoko. Kiongozi wake, mzee aliyeitwa Kofia, alikuwa karibu kustaafu, na mrithi alikuwa bado hajapatikana.

Kofia alipougua ghafla, mjomba akamwita Redio. "Mlima unaujua?"

"Naujua, Mjomba."

Aliujua kwa masikio. Miaka mingi alikuwa amemsikiliza Kofia katika chumba cha nyuma cha ofisi, akameza kila sentensi yake. Hakukumbuka kwamba Kofia alizaliwa ng'ambo ya mlima, na kwamba masimulizi yake yote yalianzia kwao, yakielekea mji mkuu.

Watalii wa safari hiyo walikuwa walimu wastaafu. Basi lilipotoka mji mkuu asubuhi, Redio akashika kipaza sauti. "Walimu wangu, hamieni kushoto! Kilele hufunguka mara moja tu, kisha mawingu hukifunika kutwa nzima."

Wakahama, wakabanana madirishani, isipokuwa bibi mmoja ambaye goti lake lilimkatalia. Wakangoja. Kushoto yalipita mashamba ya mahindi, na baada yake mahindi mengine.

"Mwanangu," akauliza mwalimu mmoja, "huo mlima wako unapaliliwa mara ngapi kwa mwaka?"

Basi zima likacheka. Ndipo yule bibi aliyebaki kulia akasema taratibu, "Mbona uko huku kwangu?"

Walikimbilia kulia wakikanyagana. Dereva alikuwa juu ya daraja jembamba, hakuweza kusimama. Walipofika dirishani waliona wingu tu.

"Nimeuchora ubaoni maisha yangu yote," bibi akasema, akijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Ni mzuri, jamani. Poleni."

Redio angeweza kulaumu hali ya hewa. Alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Walimu wangu, sijawahi kufika hapa. Nimewasimulia jambo nisilolijua. Nisameheni." Chini ya mlima akawakabidhi kwa mwongoza watalii wa pale, akarudi mji mkuu kwa basi la abiria.

"Nani amekushtaki?" mjomba akauliza.

"Nimejishtaki mwenyewe."

"Wewe ni mtoto wa dada yangu. Nikikupeleka na wapagazi, mama yako atanila nyama."

"Usiponipeleka, kanuni itakuwa ya watoto wa wengine."

Mjomba alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Safari ya kwanza ya wiki ijayo, basi."

Mkuu wa wapagazi, mtu mfupi mwenye shingo nene kama gogo, alimchagulia gunia la masufuria. Lilikuwa zito na lenye kelele.

"Leo Redio imeisha betri!" mpagazi mmoja akapiga kelele nyuma yake.

"Hapana, imehamia masufuriani. Husikii matangazo?"

Redio alitazama visigino vya aliyemtangulia, akapanda. Mtalii mmoja alisimama chini ya mti mkubwa akauliza jina la mti huo. Redio alilijua. Aliuma midomo, akapita.

Katika kibanda cha katikati simu ya mkuu ikalia. Aliitikia mara mbili tatu, kisha akamgeukia Redio. "Mjomba wako anasema umekwisha kuonekana na watu, sasa ugeuke. Mimi sijasema yatosha. Chagua mwenyewe."

Mabega ya Redio yalikuwa yamechubuka. Alipiga goti, akaingiza mikono katika kamba, akanyanyuka na gunia. Hakuna aliyemtania tena.

Juu kabisa, mahali ambapo upepo uliwalazimisha wote kuinama, mkuu alimfungua kamba kwa mkono wake, akakagua masufuria, akayaweka chini. "Yatosha," akasema. "Huna deni tena kwa mlima." Kisha akampa simu.

"Umefika?" mjomba akauliza. "Basi Safari Kuu ni yako."

Sauti ya Redio ilitoka ikikwaruza. "Bado, Mjomba. Maporomoko sijayakanyaga. Niyafikie kwanza, halafu uniulize."

"Nenda," mjomba akasema.

Redio akarudisha simu, akaketi miongoni mwa wapagazi, akapokea kikombe cha chai.