Madirisha ya Wodi ya Wazee

Kwenye kompyuta ya mhandisi, madirisha ya wodi ya wazee hayakuwahi kufungwa. Wodi nzima ilikuwa humo: kuta alizozipima mwenyewe, bati, vitanda kumi na viwili, jua la mwaka mzima. Umeme ukikatika, jenereta linawaka, feni zinazunguka, upepo unaingia, joto halivuki nyuzi thelathini. Akaandika kwamba viyoyozi havihitajiki, akatia sahihi bila kupepesa macho, na hospitali ikamsikiliza.

Sasa bibi wa kitanda cha nne alikuwa amefariki kwa joto, mchana kweupe, umeme ukiwa umekatika. Wa kutolewa kafara alikwishapatikana: muuguzi wa zamu, mama mtu mzima aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, eti kwa nini alifunga madirisha. Kikao cha kumfukuza kazi kilipangwa saa nane. Mhandisi aliitwa aje kuthibitisha kwamba madirisha yangekuwa wazi, bibi angekuwa hai.

Alifika saa tano, akapitia wodini kutimiza wajibu tu. Hakuwahi kuingia humo umeme ukiwa umekatika, na siku hiyo ulikatika. Jenereta likanguruma nyuma ya ukuta, na kabla hajageuka, moshi wake mweusi ukaingia madirishani, ukajaa chumbani. Wazee wakaanza kukohoa. Muuguzi hata salamu hakutoa. Alikimbilia dirisha moja baada ya jingine akiyafunga, pap, pap, pap.

"Ndiyo hivyo, mwanangu," alisema akifuta macho. "Nikifungua, wanakosa pumzi. Nikifunga, joto linawamaliza. Wewe ungechagua lipi?"

Mhandisi alitoa kompyuta yake mkobani. Jenereta lake la kwenye kompyuta lilitoa umeme tu, halikuwahi kukohoza mtu. Aliketi ukingoni mwa kitanda cha nne, kilichotandikwa shuka safi, akayafunga madirisha yote ya kwenye kompyuta kwa kidole kimoja. Mstari wa joto ukapanda, ukapanda, ukafika thelathini na nane na nusu saa tisa alasiri. Muuguzi akamwonyesha daftari la wodi. Siku ile bibi alipofariki, kwa mwandiko wake: saa tisa, nyuzi thelathini na tisa.

Kikaoni mwenyekiti alikuwa na haraka. "Mhandisi, tuthibitishie tumalize."

"Kosa ni langu," alisema, akijua leseni yake huenda ikaondoka na maneno hayo. "Mama huyu alifunga madirisha ili wazee wapumue. Mimi ndiye niliyesema viyoyozi havihitajiki." Akaomba ayaandike hayo, akatia sahihi tena, safari hii polepole.

Barua ya kumfukuza muuguzi ilichanwa palepale. Huko nje kwenye korido, mhandisi alimfuata akamwomba radhi, machozi yakimlengalenga.

Muuguzi alimtazama bila hasira.

"Siku ile ulipokuja kupima kuta," alisema, "mimi ndiye niliyekushikia ncha ya futi, asubuhi nzima. Ungeniuliza tu, mwanangu."