Unene Usioonekana

Siku hizo Njiti alikuwa akiota maji mchana kweupe. Akiinama kukata kioo pale karakanani, kioo kiligeuka ziwa, naye akajiona ameingiza uso mzima anakunywa, anakunywa, wala kiu haiishi. Akizinduka anakuta mkono umeganda juu ya rula na mteja anamkodolea macho. Huyo bombani, huyo msalani, akirudi anaanza kuota upya.

Kuta zote zilikuwa zimeegemezwa vioo vya kujitazamia, na katika kila kimoja alimwona mwanamume yuleyule mwembamba, miguu kama ya korongo, shati limempwaya mabegani. Kitambi alikuwa nacho, lakini kidogo, kama mtu aliyeficha bakuli ndani ya shati. Yeye alikiona ni dalili ya kutunzwa.

Na alitunzwa kwelikweli. Watu wa kwao wote ni wembamba, na mama yake hakuwahi kulizoea jambo hilo. Kila asubuhi alimkorogea chai ya sukari tele, akamsimamia mpaka aone kitako cha kikombe.

"Kunywa, baba. Upepo ukivuma nitakuokotea wapi?"

Mkewe alitoka kwa watu wengine kabisa, lugha nyingine, maumbile mengine: kiuno chembamba, nyonga pana, mapaja yaliyojaa. Mama yake Njiti alisema bibi harusi aliingia mlangoni kwa ubavu, ingawa chumvi hiyo aliitia mwenyewe. Zamani shoga yake mmoja, mwanamke mnene, alikufa kwa kisukari, na tangu siku ile mama huyo hakutaka kusikia la mtu: mnene ni mgonjwa, mwembamba ni mzima mwenye njaa. Basi chai ya mkwe haikutiwa sukari, sahani yake ilipakuliwa nusu, na nusu ya pili ikahamia kwa Njiti. Haikuwa chuki. Ilikuwa hofu, na hofu ikishika mwiko huwa haina simile.

Njiti naye alikula. Hapo ndipo pa kumlaumu, nami simwachii. Wakilala alilisikia tumbo la mkewe likinguruma gizani, akageukia ukutani na kujiambia mama ni mama. Kisha usingizi ulimchukua, akaelea juu ya mto mpana usio na ukingo, na kelele za tumbo lile zikawa maji yanayopita kwenye mawe.

Mwisho mama alitoa kauli. "Aende kwao akapungue kwanza. Mimi sina nguvu za kumzika mkwe."

Mke alifunga mizigo bila kugombana. "Nitakwenda, mama. Lakini kwanza nipimwe. Nikiondoka, niondoke na jibu la daktari, na mume wangu anisindikize."

Zahanati ilikuwa na benchi refu, feni inayozunguka kwa uvivu, na pipa la maji ya kunywa pembeni. Wakati mkewe yuko ndani, Njiti alikwenda kwenye pipa, akarudi, akaenda tena. Feni ilikuwa ikimbembeleza, na sakafu iliyopigwa deki ikaanza kumetameta kama ziwa lake. Nesi alimtazama weee, kisha akamshika mkono.

"Kaka, hebu njoo na wewe tukupime."

Walimtoboa kidole, wakamzungushia utepe kiunoni, wakamlaza na kumbonyezabonyeza tumbo. Daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu, aliwaketisha wote wawili.

"Nani kamleta mwenzake?"

"Mimi nimemleta mke wangu," Njiti akajibu kwa heshima zote.

"Basi yeye ndiye atakayekurudisha wewe. Mwenzako ni mzima. Wewe una kisukari, tena si cha leo."

Njiti alicheka. Alicheka mpaka akagundua kwamba anacheka peke yake. "Daktari, kisukari kinatafuta nini kwangu? Mafuta yako wapi? Mimi wananiita Njiti!"

"Yako ndani. Miili yetu haiweki akiba mahali pamoja. Kwao mkeo, wengi huweka mapajani na nyongani, chini ya ngozi, na pale hukaa kwa amani zaidi. Kwenu, ghala la nje mara nyingi ni dogo. Likijaa, kinachozidi kinahamia tumboni, kinalizunguka ini. Kwa hiyo watu wa asili yenu wanaweza kuugua kiuno kikiwa bado kinaonekana chembamba. Si kwamba kila mtu wa kwenu ataugua, wala si kwamba wa kwao hawaugui. Ndiyo maana sisi tunapima, hatukisii kwa macho."

Alimwandikia dawa, akamwambia aache sukari na atembee. Njiti alisikia kila neno kutoka mbali, kama anasemeshwa akiwa chini ya maji. Hofu ilimshika miguuni ikapanda taratibu. Alimtafuta mkewe kwa macho, akamkuta anatazama dirishani, machozi yanamtiririka.

"Mimi ni mzima," mke alisema polepole. "Nimelala na njaa katika nyumba yenye chakula, kumbe ni mzima."

Nyumbani mama aliposikia, alikaa chini hapohapo alipokuwa amesimama. "Mkono wangu huu!" alisema. "Nimemlisha ugonjwa kwa mkono wangu huu!" Alilia kwa sauti, kisha akamshika mkwe wake vidole. "Mwanangu, na sasa hivi alivyo, utamwacha?"

Mke hakuuvuta mkono wake, lakini hakukaa.

"Mama, sikuchukii. Ila mizigo nimeshafunga. Nakwenda kwetu kula. Nikishiba, nitajua kama nina hamu ya kurudi."

"Nitakufuata," Njiti alisema.

"Usinifuate. Jifunze kupika, na dawa zako umeze."

Akajitwika begi, akatoka. Njiti alisimama mlangoni akimwangalia anavyoshuka barabara kwa mwendo wake wa raha, nyonga zile zikipokezana, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi hakuwa anaota chochote. Aliona aibu iliyomchoma kuliko sindano. Tangu amwoe binti wa watu, yeye mumewe hakuwahi hata siku moja kumsogezea sahani.

"Mke wangu!" alipaza sauti. "Kula! Kula ushibe!"

Wapita njia waligeuka, wengine wakacheka. Mkewe hakugeuka. Mabega yake tu ndiyo yaliyotikisika, na kwa umbali ule Njiti hakujua kama analia au anacheka.