Koti Jipya la Bortolo

Asubuhi ile Onorina alikuwa amempigia mumewe simu mara tatu. "Bortolo, leo upande gari la waya. Leo tu. Usinishukie msituni na koti jipya."

Bortolo aliuza supu kileleni, pale watu wa mjini wanapoanzia kuteleza na mbao zao juu ya theluji. Tangu waya ule wa kubebea watu utundikwe juu ya bonde, hakuwahi kuupanda. Kila mara alishuka kwa miguu, ndevu zimeganda, akifika shughuli zimekwisha. Ukimuuliza, "Waya haunijui, nami siujui." Basi.

Lakini leo mjukuu anabatizwa.

"Haya, haya, nitapanda," alijibu, kama mtu anayetaka simu ikatwe.

Onorina alikuwa jikoni akisonga ugali wa manjano kwenye sufuria ya shaba, uyoga ukichemka pembeni, jirani yake Delfina alipoingia bila kilemba.

"Waya umekatika! Gari limeanguka bondeni na watu ndani. Wanasema hakuna aliyepona."

Mwiko haukusimama. Ugali ule ukiuacha kidogo tu, umeshika chini.

"Mumeo hapandi, shoga. Bonde zima linajua."

"Leo nilimwambia apande."

Delfina akamvutia kiti. Ilda, bintiye Onorina, mtoto begani katika gauni refu jeupe, alipiga simu, akapiga tena.

"Hapokei, mama."

"Atapokeaje? Si huiacha huko juu kabatini na vikombe, eti isilowe!"

"Kaa basi, unywe kitu," Delfina alimsihi.

"Sikai! Maisha yangu yote nikisema kulia, yeye kushoto. Nikisema funga zizi, analifungua. Nimesema mpaka ulimi umeota sugu! Halafu leo, leo hii, ndiyo awe ameamua kunitii? Mungu wangu, mtu gani huyu!"

Akasonga kwa hasira, jasho likimchuruzika puani, na nje ving'ora vikipanda mlima. Kila king'ora kilipopita aliomba kimoyomoyo kitu ambacho hajawahi kukiomba: kwamba mumewe awe mkaidi.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Bortolo alisimama na shati tupu, suruali imelowa hadi magotini.

Ilda alipiga yowe. Onorina alimwangalia mumewe kuanzia viatuni hadi kichwani.

"Nilikwambia nini wewe?"

"Nipande."

"Mbona hukupanda?"

"Nilifika mpaka mlangoni. Miguu ikakataa."

"Miguu! Na hata theluji hukuikung'uta, unanimwagia jikoni! Na koti? Koti la ubatizo liko wapi?"

Bortolo akatazama mikono yake.

"Liko bondeni. Njia yangu inapita chini ya waya, nikawa wa kwanza kufika. Kulikuwa na binti kwenye theluji, na viatu vya kukodi, bado vina namba. Nikamfunika. Nilidhani anasikia baridi."

"Alikuwa anasikia?"

"Hapana."

Uyoga ulitokota. Hakuna aliyeupunguzia moto.

"Wengine je?"

"Wametapakaa. Waokoaji wako barabarani, njia ya msituni hawaijui."

"Sasa hapa umefuata nini, mzee wewe? Si ungewangoja?"

"Nilijua umesimama na mwiko huo."

Onorina aliuacha mwiko. Akaenda kwenye msumari, akatungua koti kuukuu linalonuka mbuzi, akamvisha na kumfunga vifungo vyote hadi shingoni, kama mtoto wa shule, akinung'unika kila kifungo. Kisha akatandua mablanketi vitandani, na kitambaa cheupe mezani, kile cha sherehe, sahani zikihamia kwenye benchi.

"Ilda, mwambie padri angoje. Delfina, shika mwiko, na usiuache ushike chini."

Akajifunga shali.

"Tangulia," alimwambia mumewe. "Hiyo njia ya ukaidi wako mimi siijui."