Gia za Ngigi na Kilima cha Murera

Mume wangu Ngigi ni fundi, na ana kichwa kigumu. Mwaka wa tisini na nne magoti ya mama yangu, Wakonyo, yaliharibika kabisa, na kliniki ya sindano ilikuwa mbali, Thika. Baiskeli ya kubebea maziwa tulikuwa nayo. Ngigi angempakia nyuma, yaishe. Lakini kwetu mtu hamgusi mama wa mkewe, na anayepakiwa nyuma lazima amshike mwendeshaji kiunoni. Ngigi alisema heri afe. Mama naye akasema heri akae nyumbani na magoti yake.

Basi bwana fundi akatengeneza baiskeli ya kujiendesha. Alichukua baiskeli kuukuu ya masista, yenye gia tatu zilizofichwa ndani ya habu, kile kitovu cha gurudumu la nyuma, akaifungia mota ya umeme iliyotoka kwenye forklift mbovu ya kunyanyulia mizigo, na betri ya lori. Mama aliendesha baiskeli ujanani, kwa hivyo kazi yake ilikuwa kukaa tu.

"Hiyo habu itaweza mota kubwa hivyo?" nikamuuliza.

"Shiko, hii ni kitu ya Mwingereza. Haijafunguliwa tangu nizaliwe. Haiwezi haribika!"

Aliijaribu karakanani kwake Kiganjo, kwenye tambarare, ikakimbia vizuri. Kilima hakujaribu, na kwetu Murera ni kilima mwanzo mwisho!

Siku ya kliniki mama alitangulia, sisi tukimsindikiza kwa miguu mpaka juu ya kilima. Katikati ya kilima nikasikia kraa! ndani ya gurudumu. Mota ikazidi kulia, lakini baiskeli ikasimama. Kisha ikaanza kurudi nyuma. Breki hazikuweza uzito wa ile betri.

"Ngai! Ngigi!" mama akapiga kelele.

Ngigi angeweza kuruka pembeni. Badala yake alifungua mikono, akafumba macho, na mama akamwangukia kifuani. Baiskeli ikaishia mtaroni.

Nilishika kichwa. Majirani waliduwaa barabarani. Mume wangu alikuwa amemkumbatia mama yangu, macho bado yamefumbwa.

Jioni alifungua habu. Meno ya gia yalimwagika pamoja na grisi, vipande vipande.

"Hizi gia zilitengenezewa nguvu za miguu ya mtu, si mota," alisema kwa sauti ndogo. Sikulala vizuri nikiwaza ingekuwaje kama Ngigi asingekuwa nyuma ya mama.

Kesho yake mama alitoka amejifunga kichwani kitambaa chake cha kanisani, akatupita, akapanda nyuma ya baiskeli ya maziwa.

"Si ulishanishika, mwanangu? Twende basi."

Ngigi akapanda mbele, mama akamshika kiunoni. Mdomo wangu ulibaki wazi mpaka wakapotea kilimani.